UZI: Enkoda huria za MPEG-2 na MPEG-1 kwa wanaochoma DVD na VCD. Ipi inafaa, na kwa nini deki inaganda?

Fundi Mkanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimeona niliandike hili kwa urefu kwa sababu swali linarudi kila mara. Mtu ana video safi ya harusi, kwaya au kaswida. Mteja anataka diski ya kupeleka kijijini kwa wazazi, na deki ya huko haijui kitu zaidi ya DVD na VCD. Video inaingizwa kwenye programu ya bure, inachomwa, halafu picha inatoka na viboksi kila watu wanapocheza. Au picha ni nzuri lakini deki inaganda ukifika wimbo wa tatu. Hapo ndipo linapokuja swali: nibadilishe enkoda gani (yaani programu inayobana video iwe MPEG-2 ya DVD au MPEG-1 ya VCD)?

Msimamo wangu ni huu: enkoda huria tulizonazo zinatosha. Matatizo karibu yote yapo sehemu mbili, yaani maandalizi ya picha kabla haijaingia kwenye enkoda, na kuheshimu bafa ya deki. Ukizikosea hizo mbili, hata enkoda ya mamilioni haitakuokoa.

Kwanza enkoda zenyewe. Kubwa ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard wa Ufaransa mwaka 2000. Ndani yake kuna enkoda ya MPEG-1 na ya MPEG-2, na ndiyo inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya programu nyingi zenye vitufe vya kubonyeza, ikiwemo DVDStyler. Ya pili ni mpeg2enc, iliyomo kwenye kifurushi cha MJPEG Tools. Asili yake ni enkoda ya mfano ya MPEG Software Simulation Group, ikafanyiwa kazi kubwa ya kuongezwa kasi na ubora. Ya tatu ni x262, ambayo ilichukua mwili wa x264 (enkoda huria maarufu ya video za H.264) na kuufundisha kutoa MPEG-2. Wazo lake ni zuri sana, ila maendeleo yake yalisimama zamani na kuisimika kunahitaji uvumilivu, kwa hiyo simshauri mtu mwenye kazi ya mteja aanzie hapo.

Suala la haki pia lisimtishe mtu. Hataza za MPEG-2 kule Marekani zilikwisha Februari 2018, na za AC-3 (sauti ya Dolby inayotumika kwenye DVD) zilikwisha Machi 2017. Sauti ya MP2 unaipata ndani ya FFmpeg au kupitia TwoLAME, nayo ni huria.

Sasa bafa, na hapa naomba tutulie kidogo.

Deki ya DVD ina kumbukumbu ndogo ya kupokea picha kabla ya kuichora kwenye TV: biti 1,835,008, yaani kilobaiti 224 tu. Chukulia ni ndoo chini ya bomba. Diski inajaza kwa kasi yenye kikomo, na kila fremu inachota kiasi chake. Fremu kubwa zikifuatana, ndoo inakauka kabla bomba halijaifidia, na hapo ndipo picha inapoganda. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, na vyote kwa pamoja (picha, sauti, maandishi) visizidi 10.08. Hicho ni kikomo cha diski iliyopigwa chapa kiwandani na kusomwa na lenzi mpya. Deki ya miaka kumi na tano yenye lenzi iliyochoka, ikisoma diski ya kuchoma, haifiki huko kwa raha. Mimi siruhusu kilele kupita megabiti 8, na sioni tofauti yoyote ya picha kwa kufanya hivyo.

Kundi la fremu zinazobanwa pamoja, kwa PAL (mfumo wa TV wa fremu 25 kwa sekunde) lisizidi fremu 15, kwa NTSC (mfumo wa fremu 29.97) lisizidi 18. Saizi ya picha kwa PAL ni 720x576, 704x576, 352x576 au 352x288. Hakuna nyingine. Ukiweka 1280x720 kwenye DVD, hiyo si DVD tena, hata kama kompyuta yako inaifungua.

Hesabu ya biti ni ya darasa la saba lakini watu wanaikwepa. Diski ya safu moja inabeba baiti bilioni 4.7. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde za video yako. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata kama kilobiti 5,220 kwa sekunde. Toa asilimia nne za ufungashaji, toa sauti kilobiti 192, zinabaki kama 4,800 za picha. Ndiyo namba utakayoipa enkoda, kwa pasi mbili. Pasi ya kwanza enkoda inaikagua video nzima na kuandika kumbukumbu, pasi ya pili inagawa biti mahali zinapohitajika: sherehe ikichangamka inapewa nyingi, MC akiwa amesimama anaongea inapewa chache. Kuchoma harusi ya saa mbili kwa pasi moja ni kuzipoteza biti kwa MC.

Amri ninayotumia kwa video ya kamera ya fremu 25, picha pana:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=720:576:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601" -aspect 16:9 -c:v mpeg2video -pix_fmt yuv420p -r 25 -g 15 -bf 2 -b:v 4800k -maxrate 8000k -bufsize 1835008 -mbd rd -trellis 2 -pass 1 -an -f null -`

Kisha pasi ya pili, ileile, ila mwisho wake unakuwa:

`-pass 2 -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -f dvd harusi.mpg`

Angalieni mambo mawili humo. La kwanza ni rangi. Video ya HD inatumia hesabu ya rangi ya BT.709, DVD inatumia BT.601. Usipobadilisha, nyuso zinahama kidogo na kijani kinabadilika. Mteja hajui jina la tatizo, atasema tu "bibi harusi hafanani". La pili ni umbo. Picha pana inabanwa kuingia 720x576 na alama ya 16:9 inaiambia deki iipanue. Usiongeze kanda nyeusi juu na chini mwenyewe, maana unachoma biti kwenye weusi na kupoteza mistari ya picha.

Baada ya hapo ni dvdauthor, inayopanga faili kwa mpangilio wa diski ya DVD:

`export VIDEO_FORMAT=PAL`
`dvdauthor -o DVD -t -c 0,15:00,30:00,45:00 harusi.mpg`
`dvdauthor -o DVD -T`
`genisoimage -dvd-video -o harusi.iso DVD`

Anayetaka menyu yenye picha na vitufe atumie DVDStyler, inamwandikia yote hayo.

Karibuni tujadili. Kama deki yako inaganda, lete maelezo: aina ya diski, kasi uliyochomea, na ujumbe wa FFmpeg uliouona.

---

Kilosa Boy

Mkuu heshima kwako, nondo nzito. Ila hapo kwenye "zinatosha" nakupinga kidogo. Mimi natumia HCenc kwa miaka mingi, na ukiishusha hadi kilobiti 3,000 picha yake ni tulivu kuliko ya FFmpeg. Vivuli havitetemi. Nimelinganisha kwenye TV ya inchi 32, siyo kwenye laptopu.

---

Fundi Mkanda

Mkuu Kilosa Boy, sikukatalii, HCenc ni enkoda nzuri mno, hasa biti zikiwa chache. Tatizo langu nayo ni moja: ni ya bure lakini msimbo wake haukufunguliwa. Ni ya Windows, inataka AviSynth (programu ya kuiandalia video) ikae sawa, na aliyeitengeneza akiacha, imebaki kama ilivyo. FFmpeg inaendelea kurekebishwa, na mtu mwenye Linux kwenye mashine ya zamani anaitumia bila kuhangaika.

Kuhusu vivuli kutetemeka, kuna dawa. Enkoda za MPEG-2 zinatumia jedwali la kuamua ni taarifa zipi za picha zitupwe. Kwenye mpeg2enc unaweza kulibadilisha kwa `-K`, kuna `kvcd`, kuna `tmpgenc`, kuna `hi-res`. Kwa biti chache jaribu `tmpgenc`. Unampitishia picha kutoka FFmpeg kwa bomba:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=720:576" -r 25 -pix_fmt yuv420p -f yuv4mpegpipe - | mpeg2enc -f 8 -n p -a 3 -b 3500 -q 6 -K tmpgenc -o harusi.m2v`

Hapo `-f 8` ni DVD na `-a 3` ni 16:9. Sauti unaitengeneza pembeni, kisha `mplex -f 8` inaziunganisha. Linganisha na HCenc yako kwenye TV hiyohiyo, ulete majibu hapa. Nitafurahi hata ukisema bado HCenc imeshinda, maana tutajua ni kwenye picha ya aina gani.

---

Binti wa Kibokoni

Salaam aleikum wote. Niko Mombasa. Mimi shida yangu si DVD. Nyanya yangu ana deki ya VCD tupu, DVD haisomi kabisa, na hataki mpya kwa sababu hiyo ndiyo anayoijua vitufe vyake. Nataka kumwekea maulidi tuliyorekodi kwa kamera, picha pana. Nikitumia programu ya simu inatoa faili tu, deki inasema hakuna diski. Nifanyeje jamani?

---

Fundi Mkanda

Wa aleikum salaam dada. Deki inasema hakuna diski kwa sababu umeichoma kama diski ya data. VCD ina mpangilio wake maalumu wa diski, uliowekwa mwaka 1993 kwenye kitabu cheupe cha Philips, Sony, Matsushita na JVC, na deki ya zamani haikubali kitu kingine.

VCD ya PAL ni MPEG-1, 352x288, kilobiti 1,150 kwa sekunde bila kupanda wala kushuka, sauti MP2 kilobiti 224 kwa 44,100. Haina alama ya picha pana, kila kitu ni 4:3. Kwa hiyo hapa, tofauti na DVD, kanda nyeusi ni lazima uziweke mwenyewe:

`ffmpeg -i maulidi.mp4 -vf "hqdn3d,scale=352:224,pad=352:288:0:32,setdar=4/3" -target pal-vcd maulidi.mpg`

Nimechagua 224 na 32 kwa makusudi. MPEG inaigawa picha kwenye miraba ya 16 kwa 16, na namba zote mbili zinagawanyika kwa 16, kwa hiyo mpaka wa picha na weusi unaangukia kati ya miraba. Ungeweka 216, ambayo ndiyo hesabu kamili, mpaka ungepita katikati ya miraba na kula biti ambazo VCD haina. Picha inarefuka kwa kiasi ambacho jicho halilioni.

`hqdn3d` inaondoa chenga. Kwenye VCD hilo ni la lazima, kwa sababu kila chenga inahesabiwa kama mwendo na kilobiti 1,150 zinaisha kwa vumbi badala ya nyuso.

Kisha:

`vcdimager -t vcd2 -c maulidi.cue -b maulidi.bin maulidi.mpg`
`cdrdao write maulidi.cue`

Tumia CD-R, siyo CD-RW, maana lenzi za deki za zamani nyingi haziioni RW. CD ya dakika 80 inabeba karibu dakika 80 za VCD, kwa sababu sekta za VCD hazibebi ulinzi mzito wa makosa kama za data. Maulidi yakizidi hapo, yagawe diski mbili mahali pa kupumzika kwenye kisomo, usiongeze ubanaji.

---

Binti wa Kibokoni

Ahsante sana ndugu yangu, Mungu akuzidishie. Hiyo ya miraba sikuwahi kuiona popote. Najaribu leo.

---

Kwaya Media

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi huu umenikuta kwenye shida hasa. Nina DVD ya kwaya, dakika 50, kwa hiyo nikaweka kilobiti 9,000 nikijua nafasi ipo. Sauti nimeweka PCM, ile isiyobanwa, ili iwe safi. Kwenye kompyuta ni nzuri ajabu. Kwenye deki ya kanisani inaganda kila wanapopiga mapambio ya haraka. FFmpeg ilinitolea mistari mingi ya `buffer underflow`, nikaipuuza kwa sababu faili lilitoka.

---

Fundi Mkanda

Bwana asifiwe kaka. Ujumbe huo ndio deki inaokuonyesha kwa vitendo. Hesabu yako ni hii: picha 9,000, sauti ya PCM ni 1,536, jumla 10,536. Umeshapita 10,080 kabla hata hujahesabu ufungashaji. Mapambio ya haraka yana mwendo mwingi, enkoda inapanda kileleni, ndoo inakauka.

Weka picha `-b:v 7000k -maxrate 8000k -bufsize 1835008`, na sauti AC-3 ya kilobiti 384 au 448. Kwa kwaya nakushauri uende 448, waimbaji wanaifaidi. Kama huwezi kuiacha PCM, basi shusha picha hadi 6,000 na kilele 7,500. Mistari ya `buffer underflow` ikitokea tena hata mmoja, usichome.

Na diski umechoma kwa kasi gani?

---

Kwaya Media

16x, DVD+R.

---

Mzee wa Lenzi

Niingilie hapo, mimi natengeneza deki. Deki nyingi za mwanzo zilitengenezwa kabla DVD+R haijaenea, na zikiona alama yake kwenye diski zinaikataa au zinaisoma kwa mashaka. DVD-R ni salama zaidi. Ukiwa na +R tu, angalia kama mashine yako ya kuchomea inaruhusu kubadilisha alama ya aina ya diski iwe DVD-ROM, nyingi zinaruhusu. Na kasi, choma 4x au 8x. Wateja wananiletea deki wakisema lenzi imekufa, naweka diski ya kiwandani inacheza bila tatizo. Deki nzima, diski ndiyo mbovu.

---

Fundi Mkanda

Nashukuru sana Mzee wa Lenzi, hili la alama ya diski wachomaji wengi hawalijui. Kwa Linux, kuchoma kwa kasi ya 4x ni `growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/dvd=kwaya.iso`.

---

Dodoma Digital

Wakuu, mimi nina hoja. Mwanzisha uzi amesema "video ya kamera ya fremu 25". Lakini siku hizi kazi nyingi zinakuja na video za simu, fremu 30. Mimi naziweka zote PAL kwa `-r 25`, na sijawahi kulalamikiwa. TV zetu ni PAL, tusiwachanganye watu na NTSC.

---

Njoo Tanga

Dodoma Digital, kaka, hujalalamikiwa kwa sababu watu hawajui wakuambieje. Ukitoka 30 kwenda 25 unatupa fremu moja katika kila sita. Kamera ikizunguka ukumbini, picha inaruka mara tano kila sekunde. Angalia mtu anayetembea pembeni ya picha, utaona anajikwaa.

Mimi video za simu nazichoma NTSC, `-target ntsc-dvd`, 720x480, fremu 29.97. Kutoka 30 kwenda 29.97 unapoteza fremu moja kwa zaidi ya nusu dakika, nani ataiona? Na deki zilizouzwa huku karibu zote zinasoma diski ya NTSC, TV za kichina nazo zinapokea mifumo yote miwili.

---

Dodoma Digital

Karibu zote siyo zote. Mteja wangu akiwa na TV ya zamani ya mgongo, ikatoka nyeusi na nyeupe inayokimbia, atanirudishia pesa wewe?

---

Fundi Mkanda

Wote mna haki, na tofauti yenu inatatuliwa na swali moja kwa mteja: TV ni bapa au ya mgongo? Bapa, fuata njia ya Tanga bila wasiwasi. Ya mgongo ya PAL tupu, fuata ya Dodoma, ukubali miruko midogo.

Ila wote mwangalie kitu kinachotangulia hilo. Simu hairekodi fremu 30 kamili. Giza likiingia ukumbini inashuka yenyewe hadi 24 au chini, mwanga ukirudi inapanda. Ukiiingiza hivyo kwenye programu isiyojali, sauti inaachana na midomo kadiri video inavyokwenda. Tumia kichujio cha `fps=30000/1001` kwa NTSC au `fps=25` kwa PAL ndani ya `-vf`, na kwenye sauti `-af aresample=async=1`. Hapo mwendo unanyooshwa kabla ya enkoda kuugusa.

Na anayepiga picha mwenyewe kwa kamera, naomba sana: weka kamera fremu 50. DVD ya PAL inaweza kubeba mwendo wa 50 kwa mistari ya kupishana, yaani kila fremu inabeba nusu mbili za nyakati tofauti. Unaandika `-vf "scale=720:576,tinterlace=interleave_top" -flags +ilme+ildct`. Kwenye TV ngoma inateleza kama matangazo ya moja kwa moja. Sijaona programu za vitufe zinazokupa hilo, na ni uzuri ambao DVD ilikuwa nao tangu mwanzo.

---

Kilosa Boy

Hiyo ya `tinterlace` naichukua. Na mikanda ya VHS je? Ninayo ya kusafisha, harusi za miaka ya tisini.

---

Fundi Mkanda

VHS usiinyooshe mistari kabisa. Imerekodiwa kwa kupishana, iache ipishane, weka `-flags +ilme+ildct` na hakikisha nusu ya kwanza imetajwa sawa. Vifaa vingi vya kunasia vinaanza na nusu ya juu, lakini mikanda ya DV ya PAL inaanza na nusu ya chini. Ukitaja vibaya, mtu akitembea anaonekana kwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kwa faili la DV weka kichujio cha `fieldorder=tff` na kazi imeisha.

VHS haina taarifa za kujaza upana wa 720. Tumia 352x576: urefu wote unabaki, kwa hiyo mistari ya kupishana haiharibiki, na biti unazookoa zinaenda kwenye nyuso. Kilobiti 3,000 kwa saizi hiyo zinatosha vizuri, mradi umesafisha chenga.

Jambo lingine, na hili naliombea kwa moyo wote: usiifanye DVD kuwa nakala pekee ya mkanda wa zamani. MPEG-2 inatupa taarifa, na diski ya kuchoma inakufa. Nasa kwanza kwa FFV1, ambayo ni huria na haipotezi hata biti moja, uiweke kwenye diski kuu mbili tofauti. Mikanda ya DV inakiliwe kama ilivyo. Kutoka hapo ndipo utengeneze DVD ya familia. Sauti za wazee waliotangulia ziko kwenye mikanda hiyo na hazitarekodiwa tena.

---

Mgeni Njia

Naomba kuuliza, deki yetu ina sehemu ya flash na alama ya DivX. Lazima nichome diski kweli?

---

Fundi Mkanda

Si lazima. Hiyo inasoma MPEG-4 ya kizazi cha Xvid, nayo ni enkoda huria. Faili la AVI, sauti MP3, upana usizidi 720, na usiwashe QPel wala GMC (mipangilio ya ziada ya enkoda), deki nyingi haziwezi.

`ffmpeg -i x.mp4 -vf "scale=720:400" -r 25 -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1800k -maxrate 4000k -bufsize 2000k -c:a libmp3lame -b:a 160k x.avi`

Flash iwe FAT32, na faili lisizidi gigabaiti 4. Hiyo `-vtag` usiisahau, deki inasoma herufi hizo nne kwanza, na isipozitambua haijaribu hata kufungua.

---

Kwaya Media

Nimerudia kwa 7,000 na kilele 8,000, AC-3 448, DVD-R, 4x. Hakuna mstari wa `buffer underflow` hata mmoja. Nimeipeleka kanisani, imecheza mwanzo hadi mwisho, mapambio yote. Mungu awabariki, wewe na Mzee wa Lenzi.

Sasa nina mkutano wa injili wa saa tatu, na mchungaji anataka diski moja tu. Inawezekana?

---

Fundi Mkanda

Safi sana kaka. Saa tatu inawezekana. Sekunde 10,800, jumla ni kama kilobiti 3,480, ukitoa ufungashaji na sauti ya 192 unabaki na 3,100 za picha. Kwa 720x576 mkutano wa hadhara wenye umati nyuma utavunjika, kila kichwa kinasogea. Mahubiri mtu mmoja jukwaani yatavumilia.

Ningefanya hivi. Mahubiri na kwaya nizitenganishe kuwa faili mbili, zote ndani ya diski moja. Mahubiri yaende 352x576 kwa 2,200, kwaya ibaki 720x576 na ichukue biti zilizobaki. dvdauthor haikubali saizi mbili ndani ya kundi moja la video, kwa hiyo kila faili liwe na `dvdauthor -o DVD -t` yake, halafu `-T` moja mwishoni. Pasi mbili kwa kila faili, na kila moja uipe jina lake la kumbukumbu kwa `-passlogfile`, la sivyo pasi ya pili ya kwaya itasoma makadirio ya mahubiri.

Niambie kwaya ni dakika ngapi, nikupigie hesabu ya kilobiti zake.